Kasino Ijengwe Wapi? Somo kutoka Mji wa Springfield



Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Leo tunaendelea mbele kidogo. Tunataka kujifunza namna ya kusoma ahadi kabla haijawa mkataba. Mfano wetu unatoka mbali, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, huko Marekani. Lakini msomaji asiseme kuwa mambo ya mbali hayamhusu. Mji ule ulikuwa mji wa viwanda, na watu wake ni wafanyakazi kama sisi. Walipoulizwa kasino ijengwe wapi, waliulizwa kwa kweli watu wa mji wao wataishi kwa kazi gani baada ya viwanda kufungwa.

Kwanza tueleze maneno. Kasino ni jumba la kamari lenye leseni ya serikali. Ndani yake kuna mashine, meza za karata na magurudumu ya bahati. Mara nyingi huwa na hoteli, mikahawa na ukumbi wa muziki. Wanaofanya kazi humo ni wagawa karata, wapishi, wafagiaji, walinzi, makarani wa fedha na mafundi. Wote hao ni wafanyakazi, na huko Marekani wengi wao wana chama. Kwa hiyo somo hili halikusudii kuwatukana. Kazi ni kazi, na anayefagia kasino ana haki sawa na anayekata miwa.

MJI WENYEWE

Springfield uko kando ya mto Connecticut. Una watu kiasi cha 155,000. Si mji mkubwa sana, wala si mji mdogo. Watu wengi duniani wanaujua kwa sababu mpira wa kikapu ulibuniwa pale mwaka 1891. Lakini wafanyakazi wa zamani wanaujua kwa viwanda vyake. Serikali ya Marekani ilikuwa na kiwanda cha bunduki pale tangu mwaka 1794. Kampuni ya Westinghouse ilikuwa na kiwanda kikubwa cha vifaa vya umeme upande wa mashariki ya mji. Kampuni ya American Bosch ilitengeneza vipuri vya injini.

Kiwanda cha bunduki kilifungwa mwaka 1968. Westinghouse ikafunga mwaka 1970. American Bosch ikafunga mwaka 1986. Kila mlango uliofungwa uliacha watu nje. Mji ukapungukiwa na kodi, na mwaka 2004 serikali ya jimbo ikaleta bodi ya kusimamia fedha za mji. Bodi hiyo ilikaa mpaka mwaka 2009. Kisha tarehe 1 Juni 2011 kimbunga kikali kikapita katikati ya mji, kikabomoa nyumba na maduka, hasa upande wa kusini.

Katika hali hiyo, mwezi Novemba 2011, jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kuruhusu kasino. Sheria ilisema zisizidi kasino kubwa tatu, moja kwa kila eneo. Anayetaka leseni lazima atumie mtaji usiopungua dola milioni 500. Katika fedha zinazobaki baada ya kuwalipa washindi, robo nzima iende serikalini. Tena lazima kwanza afanye mapatano na mji, na wananchi wa mji wayapigie kura.

Tuangalie hapa, ndugu wasomaji. Mtu mwenye njaa hachagui chakula. Mwekezaji anajua hivyo, naye hupenda kufika wakati wa njaa. Ndiyo maana wenye njaa wanahitaji kukutana na kujadiliana zaidi kuliko walioshiba.

VIWANJA VITATU

Kampuni tatu kubwa zilileta mipango, na kila moja ilitaka mahali pake.

Kampuni ya Ameristar ilinunua ekari kama 40 mahali pale pale palipokuwa na kiwanda cha Westinghouse. Faida ya mahali hapo ni nafasi kubwa na barabara kuu iliyo karibu, hata magari ya wageni yasiingie katikati ya mji. Hasara yake ni kwamba mgeni angefika, angecheza, angekula humo humo na kurudi kwao bila kuona duka hata moja la mwenyeji.

Kampuni ya Penn National ilitaka upande wa kaskazini, penye jengo la gazeti la mji na kituo cha mabasi. Waliosifu mpango huo walisema sehemu ile imeachwa nyuma siku nyingi, na sasa ingepata uhai.

Kampuni ya MGM ilitaka upande wa kusini wa katikati ya mji, kiasi cha ekari 14, mahali palipoharibiwa na kimbunga. Ilisema haitajenga ngome iliyofungwa. Itajenga jumba lenye milango ya kutokea barabarani, ili wageni watembee na kununua katika maduka ya mji.

Ukisikiliza haraka utaona wote wanasema kweli. Ndipo ilipo kazi ya mjadala. Kila mahali pana mtu wake wa kufaidika na mtu wake wa kuumia. Mwenye mkahawa wa katikati ya mji alitaka wageni wapite mlangoni kwake, lakini aliogopa pia kwamba kasino itauza chakula rahisi na kumnyang'anya wateja. Mwenye nyumba alitumaini bei itapanda. Mpangaji aliogopa jambo hilo hilo, maana nyumba ikipanda bei, kodi ya chumba nayo hupanda. Mafundi wa ujenzi na vyama vyao walitaka kazi ianze, popote pale.

Mwishoni mwa mwaka 2012 Ameristar ilijitoa. Wakabaki wawili. Tarehe 30 Aprili 2013 meya wa mji, Domenic Sarno, akaichagua MGM. Tarehe 16 Julai 2013 wananchi wakapiga kura. Waliokubali walikuwa kiasi cha 58 katika kila 100, na waliokataa 42.

NANI APIGE KURA?

Hapa pana jambo ambalo viongozi wa matawi wanapaswa kulishika vizuri. Sheria ile ilisema kwamba katika mji wenye zaidi ya watu 125,000, kura inaweza kupigwa na watu wa mtaa utakaopokea kasino peke yao, isipokuwa baraza la mji likiamua mji mzima upige kura. Springfield walipiga mji mzima. Boston hawakufanya hivyo. Huko walipiga watu wa mtaa wa East Boston tu, penye uwanja wa zamani wa mbio za farasi, nao wakakataa tarehe 5 Novemba 2013.

Ipi ni haki? Mtaa ukipiga kura peke yake, wale watakaosikia kelele na kuona msongamano wa magari ndio wanaoamua. Lakini watu wa mitaa mingine, ambao nao wanategemea fedha za mji, hawana sauti. Mji mzima ukipiga kura, mitaa mikubwa inaweza kuutwisha mtaa mdogo mzigo ambao yenyewe haitaubeba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza watu wanasema nini, tuulize watu gani wameulizwa. Katika kiwanda ni vivyo hivyo. Zamu ya usiku ikibadilishwa kwa kura ya wale wa mchana, hiyo ni kura kweli, lakini haki haimo.

Miji mingine ya eneo lile ilijibu tofauti. West Springfield, ng'ambo ya mto, walikataa kasino mwezi Septemba 2013. Palmer walikataa mwezi Novemba 2013 kwa tofauti ya kura zisizofika 100. Mtu asiseme tena kwamba kura yake moja haina maana.

HESABU YA KAMARI

Sasa tufanye hesabu, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Gurudumu la bahati la Kimarekani lina nafasi 38. Tuseme wafanyakazi 38 wanakaa kulizunguka, kila mmoja ameweka shilingi 100 juu ya nafasi yake, na hakuna nafasi iliyobaki wazi. Mezani pana shilingi 3,800. Gurudumu linazunguka, mmoja anashinda. Analipwa mara 35 ya dau lake, yaani shilingi 3,500, na dau lake la 100 anarudishiwa. Jumla ana 3,600 mkononi. Wenzake wanampigia makofi. Zile 200 zilizobaki zimekwenda wapi? Ziko kwa mwenye meza.

Warudie mara 19. Mwenye meza sasa ana 3,800, yaani sawa na dau lote la watu wote 38. Hakudanganya, hakuiba, wala hakuhitaji bahati. Bahati ni ya wachezaji. Mwenye meza ana hesabu.

Kwa hiyo fedha za kasino hazitoki ardhini kama mahindi, wala hazitoki katika mtambo kama kitambaa. Zinatoka katika mifuko ya watu. Mji unapojadili mahali pa kasino, swali la ndani ni hili: ni mifuko ya nani? Wachezaji wakitoka nje ya mji, mji unapata. Wakiwa ni wenyeji, mji unajichukulia wenyewe kutoka mfuko wa kulia na kutia mfuko wa kushoto, na njiani mwenye kasino amekwisha kata fungu lake.

Springfield uko karibu na mpaka wa jimbo la Connecticut, na hilo lilikuwa jambo kubwa katika hesabu za kampuni. Lakini Connecticut nako kulikuwa na kasino kubwa mbili, Foxwoods tangu 1992 na Mohegan Sun tangu 1996. Watu wengi wa Massachusetts walikuwa wakivuka kwenda huko. Kila jimbo lilitaka mchezaji wa jirani yake. Ndugu, majirani wote wakifungua meza, mgeni atatoka wapi?

YALIYOTOKEA

Ahadi zilikuwa hizi: ajira 3,000 katika kasino, ajira nyingine za ujenzi, angalau wafanyakazi 35 katika kila 100 wawe wakazi wa Springfield, na malipo ya mamilioni ya dola kwa mji kila mwaka. Kulikuwa na picha ya hoteli ya mnara wenye ghorofa 25.

Mwaka 2015, baada ya kura na baada ya leseni, kampuni ikasema mnara hautajengwa. Badala yake hoteli ya ghorofa sita yenye vyumba 250. Watu wakanung'unika. Baada ya mazungumzo mpango mpya ukakubaliwa, na gharama yote ikapanda kutoka dola milioni 800 za mwanzo mpaka zaidi ya milioni 900. Kufunguliwa nako kukachelewa, na sababu mojawapo ilikuwa matengenezo ya barabara kuu inayopita kando ya mji.

Kasino ilifunguliwa tarehe 24 Agosti 2018. Watu walijaa. Wengi waliokuwa hawana kazi wakapata sare, mshahara na bima. Hilo ni jambo jema, nasi hatulifichi.

Lakini kampuni ilikuwa imetabiri kwamba katika mwaka wa kwanza itapata dola milioni 418 kutoka mezani na katika mashine. Ilipata kiasi cha milioni 270. Ndugu msomaji, tulia uione namba hiyo kwa pande zote mbili. Kwa upande wa serikali, robo ya 418 ni zaidi ya milioni 104, lakini robo ya 270 haifiki milioni 68. Pengo hilo ni kubwa kwa aliyekwisha panga bajeti. Kwa upande wa wananchi, milioni 270 ndizo fedha ambazo wachezaji waliacha mle ndani kwa mwaka mmoja. Ni zaidi ya dola 700,000 kila siku inayokuja. Kasino ilipata chini ya ilivyotaka, na bado wachezaji walipoteza kiasi hicho.

Mwaka 2019 kasino nyingine kubwa ikafunguliwa Everett, karibu na Boston. Machi 2020 ugonjwa wa Korona ukafunga milango yote mpaka Julai. Milango ilipofunguliwa tena, wafanyakazi wengi hawakurudishwa. Kwa muda mrefu baada ya hapo idadi yao ilikuwa karibu nusu ya ile 3,000 iliyoahidiwa.

KIWANJA CHA KIWANDA

Na kile kiwanja cha Westinghouse kilipatwa na nini? Hapa ndipo somo letu linapokolea.

Baada ya Ameristar kujitoa, kiwanja kilikaa kitupu. Wapo waliosikitika wakisema upande wa mashariki umekosa bahati. Mwaka 2014 shirika la usafiri la Massachusetts likaipa kampuni ya reli ya Kichina mkataba wa mabehewa mapya 284 ya treni za mjini Boston. Sharti mojawapo lilikuwa mabehewa yaunganishwe ndani ya jimbo. Kampuni ikatafuta mahali, ikanunua kiwanja kile kile, na mwaka 2015 ikaanza kujenga. Pale ambapo baba zao walitengeneza vifaa vya umeme, watoto wakaanza kuunganisha mabehewa. Treni ya kwanza kutoka pale ilianza kubeba abiria mwaka 2019.

Tusiifanye hadithi hii tamu kuliko ilivyo. Ajira zilizoahidiwa pale zilikuwa kama 150 tu, si 3,000. Mabehewa yalichelewa kwa miaka, mengine yalionekana na kasoro, na mwaka 2024 mkataba ulilazimika kurekebishwa na bei kuongezwa. Kiwanda si pepo.

Hata hivyo tulinganishe. Fundi wa umeme aliyejifunza pale ana ujuzi wa kuchukua popote aendako. Behewa moja hubeba wafanyakazi kwenda kazini miaka mingi. Kiwanja kile kingekuwa na kasino mwaka 2013, mwaka 2014 kisingekuwapo cha kutoa kwa kiwanda. Ardhi ikishatumika, imetumika. Ndiyo sababu wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

TUNAJIFUNZA NINI?

Sisi katika chama tumekaa na jambo hili, tukaona mafunzo manne.

Kwanza, mahali si jambo la ramani tu. Mahali panaamua nani atapata mteja, nani atahamishwa, nani atatembea kwenda kazini na nani atapanda basi mbili. Anayeuliza "wapi" lazima aulize pia "kwa faida ya nani".

Pili, ahadi ya ajira ihesabiwe kwa miaka, si kwa siku ya kukata utepe. Tuulize: ni ajira ngapi mwaka wa tano? Ngapi ni za kudumu na ngapi ni za kibarua? Na zikipungua, mwajiri atalipa nini? Ahadi isiyo na adhabu ni salamu tu.

Tatu, chama kiingie mapema. Huko Las Vegas wapishi, wahudumu na wafagiaji wa kasino wana chama chao chenye nguvu. Mwaka 1991 wafanyakazi 550 wa kasino moja waligoma, na mgomo ule ulidumu zaidi ya miaka sita, mpaka 1998, wala hakuna hata mmoja wao aliyevunja mstari na kurudi kazini. Walishinda. Huko Detroit mwaka 2023 wafanyakazi wa kasino tatu waligoma wakapata nyongeza ya mshahara. Hakuna kazi iliyo nzuri au mbaya kwa asili. Kazi isiyo na chama ndiyo mbaya.

Nne, tusifiche madhara. Sheria ya Massachusetts ilitenga fungu la kusaidia walioshikwa na kamari, na mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe katika orodha ya waliozuiwa kuingia kasino. Serikali yenyewe imekiri kwamba meza hizi huumiza watu. Nasi tunajua. Tumeona kambini, jioni ya siku ya mshahara, mtu mzima mwenye watoto amekaa juu ya ndoo mbele ya karata, na kabla ya giza kuingia amekwisha kukopa nauli ya kumrudisha nyumbani. Keshoye alikuja ofisini kuomba chama kimtetee kwa mwajiri apewe mkopo. Tulimtetea, kwa kuwa ni mwenzetu. Lakini tulikaa naye pia, tukamfanyia ile hesabu ya watu 38. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa shamba."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Ungekuwa mkazi wa Springfield mwaka 2013, ungechagua kiwanja kipi kati ya vile vitatu, au ungekataa vyote? Toa sababu mbili. Kisha ajitokeze mwenzako atetee upande mwingine.

2. Je, ni haki mtaa mmoja kuamua peke yake, au mji mzima uamue? Toa mfano kutoka kazini kwenu.

3. Ajira 1,500 za hoteli na kamari, au ajira 150 za ufundi wa kiwandani: ukipewa moja tu, unachagua ipi kwa ajili ya mtoto wako? Kwa nini?

4. Mwajiri mpya akija mahali penu na kuahidi ajira, andikeni masharti matano ambayo tawi lingetaka yatiwe katika mkataba. Mwenye hati nzuri aandike, na katibu ayahifadhi.

Tunawaomba viongozi wa matawi wasilisome somo hili peke yao. Lisomwe kwa sauti, wasiojua kusoma nao wasikie, na kila mmoja aseme lake. Wananchi wa Palmer waliamua mambo ya mji wao kwa tofauti isiyofika kura 100. Tawi letu dogo kabisa lina wanachama wengi kuliko hao.

Umoja ni nguvu.